Kumwigiza muungwana wa Kiingereza wa miaka ya 1700 kwenye jukwaa la Bagamoyo

Kikundi cha Bagamoyo kikipata igizo lenye muungwana wa Kiingereza wa karne ya 18, mara nyingi anayetokea jukwaani ni bwana shauri: kifua mbele, sauti ya kufoka, kidole kinaamrisha. Huyo ni mtu wa enzi za ukoloni wa karne ya 20. Muungwana wa London au wa mji wa Bath, Uingereza, wa mwaka 1750 alipimwa kwa jinsi alivyowapendeza aliokaa nao. Alisikiliza, hakujisifia elimu, hakupandisha sauti, na zaidi ya yote hakuonekana kujitahidi. Utulivu huo hauji kwa siku moja, kwa hiyo anzeni na mwili wiki tatu kabla ya onyesho, nguo zifuate.

Kusimama: kisigino cha mguu wa mbele kiwe karibu na katikati ya wayo wa nyuma, vidole vielekee nje, uzito ukae nyuma, mabega yashuke. Walimu wa dansi ndio waliowafundisha vijana wa kitajiri mkao huu, na soksi za hariri zilionyesha vizuri shavu la mguu. Mkono wa kulia unaweza kuingia ndani ya kizibao, vifungo viwili vikiachwa wazi. Picha nyingi za wakati ule zimechorwa hivyo.

Salamu ndiyo inayohitaji mazoezi mengi, maana ukumbini watu waliinamiana, si kupeana mikono. Vua kofia na kuishusha ubavuni, ndani yake isionekane na watazamaji. Telezesha mguu mmoja mbele ukiwa umenyooka, kunja goti la nyuma, kisha inama kuanzia kiunoni. Hesabu mbili kushuka, moja kutulia, mbili kupanda. Anayeinamisha shingo peke yake wigi litamwangukia, na anayeharakisha ataonekana mtumishi. Mkubwa ainamiwe zaidi, wa rika moja kidogo.

Kuna mazoea ya pwani yatakayowasumbua hapa. Kwetu mtu huvua viatu mlangoni, kofia ikabaki kichwani. Muungwana huyu hubaki na viatu na kuvua kofia, na mwigizaji akijisahau huirudisha kichwani katikati ya mazungumzo. Dawa ni kuibana chini ya kwapa la kushoto tangu anapoingia. Wenyewe walifanya hivyo pia, wigi lisivurugike.

Kicheko nacho kichungwe. Lord Chesterfield, mwanasiasa wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1773, alimwonya mwanawe kwa barua kwamba kucheka kwa sauti ni kukosa malezi, tabasamu linatosha. Basi katika onyesho la kuchekesha, waacheni wengine wacheke, yeye atabasamu tu. Watazamaji watamtambua papo hapo.

Nguo zinapatikana mitumbani. Tafuteni koti refu la kufika magotini, kola iondolewe, mikono iongezewe pindo pana. Suruali ikatwe sentimita 6 chini ya goti na kubanwa kwa kifungo. Soksi nyeupe za mpira wa miguu zisizo na mistari zinafaa, na viatu vyeusi vya ngozi vishonewe bizimu za mikanda. Kizibao cha mwaka 1750 hufika mapajani, cha miaka ya 1780 ni kifupi. Chagueni mwaka mmoja na msichanganye.

Wigi litengenezwe kwa katani ya Tanga iliyochanwa vizuri, robo kilo hutosha. Shoneni mafungu membamba kwenye kofia ya neti, kuanzia kisogoni kupanda utosini, ndani muweke kitambaa cha pamba maana katani huwasha. Kwa vikunjo vya masikioni, lowesheni nyuzi kwa wanga mwepesi wa muhogo, zizungusheni kwenye bomba la nusu inchi na kuanika juani mpaka zikauke kabisa. Zikitolewa mbichi hunyooka kabla onyesho halijaisha. Mkia wa nyuma ufungwe utepe mweusi. Mshumaa usiwekwe karibu, katani hushika moto upesi. Wao walijipaka unga wa wanga, hadi serikali ilipoutoza kodi ya gini moja (sarafu ya dhahabu ya Kiingereza) kwa mtu kwa mwaka, mnamo 1795. Hapa msiupake, jasho litaugeuza uji. Weupe wa katani unatosha.

Mwongozaji asisahau utulivu huu ulilipiwa na nani. Muungwana aliishi kwa kodi za mashamba yake, na familia nyingi zilitajirika pia kwa sukari ya Karibi iliyolimwa na watumwa. Mbele ya watu wa Bagamoyo, mji uliopokea misafara ya watumwa karne iliyofuata, kulificha hilo ni kuwadanganya. Bakuli la sukari kwenye meza ya chai, likipitishwa bila neno, linasema mengi. Hata deni lifuate desturi yao: la karata hulipwa upesi kwa ajili ya heshima, fundi cherehani anasubiri miezi.

Fanyeni angalau mazoezi mawili kamili, nguo zote mwilini na taa zikiwaka. Joto likizidi, toeni bitana ya koti na mshone mgongo wa kizibao kwa pamba nyepesi. Mafundi wa Uingereza nao walitumia kitambaa cha bei nafuu mgongoni, kwa kuwa koti halikuvuliwa mbele za watu.