Majitaka ya CPU ya kahawa: anza na mashine, shimo baadaye

Mzee mmoja anayemwagilia migomba yake kwa mfongo, yaani mfereji wa asili wa umwagiliaji, unaopita chini ya CPU yetu (kituo cha pamoja cha kumenya kahawa mbivu) huku Kibosho, Moshi, alikuja siku moja kwenye kikao na chupa ya soda. Hakuomba nafasi ya kuzungumza. Aliifungua, akaiweka mezani mbele ya mwenyekiti, akakaa. Harufu ikamaliza ajenda zote.

Kilichotuuma ni kwamba shimo la majitaka tulikuwa nalo, tena kubwa, na michango ya kulichimba ilikuwa ya jasho. Lilikuwa limejaa katikati ya msimu na linamwagika usiku. Tuliyoyafanya baadaye ndiyo haya.

1. Jua unatoa maji kiasi gani

Huhitaji mita. Kinga maji yanayotoka kwenye mashine kwa ndoo ya lita 20, ukiangalia saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 10, hizo ni lita 2 kwa sekunde, yaani lita 7,200 kwa saa. Zidisha kwa saa za kumenya, kisha gawanya kwa kilo za kahawa mbivu mlizopokea siku hiyo.

Sisi kwa kilo 3,000 tulikuwa tunamwaga lita 15,000, lita 5 kwa kila kilo. Bomba lilikuwa linafunguliwa asubuhi na kufungwa mashine ikizimwa, hata kama wakulima wamekaa wanasubiri mzani.

2. Maganda yasisafiri kwa maji

Hatua hii ina faida kuliko zote zinazofuata, na ndiyo watu wanairuka.

Maganda ni karibu asilimia 40 ya uzito wa kahawa mbivu. Katika tani 3, hizo ni kilo 1,200 za kitu chenye sukari. Ukiyasukuma kwa maji kwenye mfereji hadi shimoni, umeloweka chai: kila dakika yanayokaa majini, sukari inatoka kwenye ganda na kuingia kwenye maji, na ukishafika hapo huwezi kuitoa kwa chekeche lolote. Weka wavu wa matundu ya milimita 2 hadi 3 chini ya mashine, mteremko kidogo, maji yapite na maganda yaporomokee kwenye toroli. Toroli likijaa, liondoke. Kijana wa toroli ni wa lazima kama fundi wa mashine.

Lundo la maganda likae mbali na mfereji, chini ya paa au turubai, maana mvua ikilipiga linatoa maji meusi mabaya kuliko ya mashine. Changanya na samadi, geuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Sisi tumeacha kuyatupa. Siku hizi wanachama wanagombania mboji hiyo.

3. Zungusha maji

Kumenya hakuhitaji maji mapya muda wote. Asubuhi tunaosha kahawa iliyovundikwa, na kwa hilo maji lazima yawe safi. Maji hayo ya kuoshea tunayakinga kwenye tanki, jioni pampu ndogo inayarudisha kwenye mashine, yanazunguka hadi kazi inaisha. Usiku yanatolewa yote. Usiyalaze ili uyatumie kesho: yanachacha, na kahawa inabeba uchachu huo hadi kwenye kikombe cha mnunuzi.

Kwa hatua mbili hizi tulishuka hadi lita 2 kwa kilo. Lita 15,000 zikawa 6,000, na shimo lilelile likaanza kutosha.

4. Tanki la kutuliza

Jenga tanki la vyumba viwili linalobeba maji ya siku nzima. Kwa lita 6,000, mita 2 kwa 2 kwa 1.5 ndani inatosha. Maji yakichacha, utelezi wa kahawa, yaani ute unaozunguka punje, unapanda juu na kufanya utando mzito kama ngozi ya maziwa, tope linazama. Unachotaka ni maji ya katikati, kwa hiyo bomba la kutolea liwe na umbo la T, mdomo wake ukiwa chini ya utando. Opoa utando kila siku, upeleke kwenye mboji.

5. Chokaa, kwa kipimo

Maji hayo yana pH ya 4 hivi (pH ni kipimo cha uchachu: 7 ni katikati, chini yake ni uchachu). Chota lita 20, tia chokaa kidogo kidogo uliyoipima kwenye mzani, koroga, chovya karatasi ya pH. Kama gramu 30 zimekufikisha 6.5, tanki la lita 6,000 linataka kilo 9. Rudia kipimo kila wiki, kahawa ya mwanzo wa msimu si sawa na ya mwisho. Maji yakigeuka kutoka kahawia kuwa kijani kinachoelekea weusi, umefika 7 au umepita, simama hapo. Na vaa miwani, chokaa haina mchezo na macho.

Kuna watakaokushauri uyazimue tu kwa maji ya mfongo. Piga hesabu. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 zinataka BOD isizidi miligramu 30 kwa lita. BOD ni oksijeni ambayo vijidudu wanaitumia wakila uchafu wako, na ndiyo oksijeni hiyohiyo samaki anaivuta. Maji ya kumenya yanafika maelfu. Yakiwa 3,000 tu, kila lita inataka kuongezewa lita 99 za maji safi. Na uchafu wote bado utafika mto Weruweru, kisha Kikuletwa, hadi bwawa la Nyumba ya Mungu.

6. Shimo la kufyonza

Sasa ndiyo shimo. Chimba mawili, moja lifanye kazi wiki hii, jingine likauke. Kabla ya hapo chimba kishimo cha sentimita 30, kijaze maji, yaache yaishe, jaza tena na uangalie yanashuka kwa kasi gani. Yakigoma, tafuta sehemu nyingine. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na mimi naongeza: usikaribie chemchemi. Pembeni panda nyasi za vetiva, mizizi yake inakwenda chini sana.

7. Kibali

Kutiririsha majitaka kwenye mto au ardhini kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Pangani, kwa Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009. Ofisi zao ziko hapahapa Moshi. Nenda kabla ya msimu, na daftari: kilo zilizopokelewa, lita zilizotoka, pH ya kuingia na kutoka, tarehe. Ukipeleka sampuli ya BOD maabara, iweke kwenye barafu na ifike siku hiyohiyo. Ikilala kwenye boda boda juani, majibu ni ya maji mengine.

Msimu ukiisha, toa tope lote tankini kabla halijakauka. Mwaka wa kwanza tulisahau, tukalivunja kwa sururu.