Sajili huduma kabla programu haijawaka

Katika ASP.NET Core (mfumo wa Microsoft wa kujenga programu za wavuti), fungua Program.cs, faili ambapo programu huanzia, umalize usajili wote wa huduma kabla ya builder.Build(), mstari unaoiunda programu. Ukishapita hapo, huongezi kitu.

Hifadhidata: AddDbContext. Huduma ya oda: AddScoped<IOda, Oda>(), ili kila ombi lipate nakala yake. Kisha kontrola (klasi inayopokea maombi) iiombe IOda kwenye konstrakta yake, mfumo uilete wenyewe. Usiandike new Oda().

Kuwa makini na AddSingleton, inayotoa nakala moja tu kwa maombi yote. Niliitumia kwenye oda za viazi vya Uyole, Mbeya, huku huduma ikishika DbContext, kiungo cha hifadhidata kisichofaa kutumiwa na maombi mawili kwa wakati mmoja. Asubuhi wateja wawili wa Mwanjelwa waliagiza kwa pamoja, oda zikakwama. Seva ilikuwa Production (mazingira ya wateja halisi), ambako ukaguzi wa kosa hili la usajili hauwashwi wenyewe. Siku hizi naiwasha programu kwanza kwenye Development (mazingira ya kutengenezea), ambako ukaguzi huo huwashwa wenyewe. Kosa kama hilo hukataliwa papo hapo, programu inapoanza.