Gitaa la besi katika hewa kavu ya majuu: tupa isiguse freti kabla unyevu haujapimwa

Ndugu yangu unayepiga besi kanisani au kwenye bendi ya dansi, na ambaye umehamia Minnesota huko Marekani, Alberta huko Kanada au mahali pengine ambapo theluji hukaa ardhini kwa miezi, maelezo haya yanahusu shingo ya gitaa lako na hewa ya nyumba unayoishi. Nayaandika nikiwa bado na uchungu, kwa sababu duka moja la vyombo vya muziki lilinitoza fedha nyingi kwa kuliharibu gitaa lililokuwa zima, na kila karatasi iliyohusika ilikuwa halali.

Tuanze na hewa, maana ndiyo chanzo. Hewa ya nyuzi 0 za Selsiasi iliyoshiba unyevu kabisa, ikiingia ndani na kupashwa joto hadi nyuzi 21, unyevu wake wa kadiri, yaani mvuke uliopo ukilinganishwa na ule ambao ungeishibisha, hushuka hadi karibu asilimia 25, ingawa hakuna tone la maji lililotolewa. Hewa yenye joto huhitaji mvuke mwingi zaidi ili ishibe. Huko nje kukiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, hali ambayo Januari ya Minnesota haimshangazi mtu, hewa hiyo ikipashwa joto bila kuongezwa maji hubaki na asilimia chache tu. Sisi tuliozoea Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, ambako unyevu hupita asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, huhisi ukavu huo kwenye midomo na visigino, tukapaka mafuta, tukasahau kwamba chumbani mna kipande kingine cha kitu kilichowahi kuwa hai.

Mbao hunywa na kutema unyevu kufuatana na hewa inayoizunguka, kama mlango wa nyumbani unaobana wakati wa masika na kulegea kiangazi. Shingo nyingi za besi ni za mti wa mepo (maple), na juu yake hugundishwa ubao wa vidole ambao mara nyingi ni wa jamii ya Dalbergia, ukoo mmoja na mpingo wetu. Mepo kwa kawaida hupakwa vanishi, ilhali ubao huo wa vidole huachwa wazi, kwa hiyo mbao hizi mbili hazikauki kwa mwendo mmoja. Nyuzi nne kwa pamoja huivuta shingo kwa nguvu inayozidi ile ya kubeba kilo 70, na kinachozipinga ni chuma kilichofichwa ndani ya shingo, ambacho mafundi hukiita trasi rodi. Mizani hiyo ikivurugwa na ukavu, shingo husogea. Kwa magitaa mengi ukavu huipinda shingo kwa nyuma na unyevu huipinda mbele, lakini yapo yanayokwenda kinyume, kutegemea mkato wa mbao na namna ilivyopakwa, na ndiyo sababu nasisitiza kupima badala ya kuamini kauli ya mtu, yangu ikiwemo.

Sasa mtego wenyewe. Katikati ya Januari nyuzi zangu zilianza kugonga freti za mwanzo, yaani vile vijichuma vilivyopachikwa kukatiza ubao wa vidole, na kiganja kikiteleza ukingoni mwa shingo kilikwaruzwa na ncha za freti, kwa kuwa ubao ulikuwa umesinyaa kwa upana na chuma kikabaki na urefu wake. Fundi wa dukani alililaza gitaa mezani, akaweka rula ya chuma juu ya freti, akatikisa kichwa, akaandika kwenye fomu kwamba freti hazilingani na kwamba tiba ni kuzipiga tupa. Hakuuliza gitaa linalala wapi wala nyumba inapashwaje joto. Fomu ikasainiwa, kazi ikafanyika, na kwa miezi michache gitaa lilitulia. Kiangazi kilipofika na jasho lake, maana kiangazi cha Minnesota si haba hata kwa mtu wa pwani, shingo ilirudi ilikokuwa, lakini chuma kilichopigwa tupa hakikurudi. Noti zilizobanwa katikati ya shingo zikawa zinagonga freti zinazofuata, na hata trasi rodi ilipogeuzwa huku na kule, hazikulingana tena. Duka lilinionyesha saini. Kampuni iliyotengeneza gitaa ilinionyesha kifungu cha dhamana kinachosema kwamba madhara ya joto na unyevu hayahusiki. Soma kifungu hicho kwenye dhamana yako leo, kabla hujakihitaji, kwa maana dhamana nyingi za magitaa zinacho.

Narudia, na nitarudia tena: kupinda kunakoletwa na ukavu kunaweza kurudi, lakini chuma kilichokwanguliwa hakirudi. Usiidhinishe kazi yoyote ya kupiga tupa, kusawazisha au kubadilisha freti katika miezi ya baridi kabla gitaa halijakaa wiki mbili au tatu ndani ya kesi yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Kuchonga ncha zinazokwaruza ni kazi ndogo isiyo na hatari kubwa, lakini nayo isubiri. Fundi mwema hatachukia kusubirishwa.

Nunua kipimaunyevu kidogo cha kidijitali, ukiweke ndani ya kesi, si ukutani. Gitaa lisining'inizwe kwenye ukuta wa nje, wala lisisimamishwe karibu na redieta au juu ya tundu la sakafuni linalotoa hewa moto. Unaweza kutumia pakiti za Boveda za asilimia 49, ambazo hutoa unyevu na kuunyonya, au sifongo iliyokamuliwa vizuri ndani ya kikopo cha sabuni chenye matundu. Usijaribu kuilowesha nyumba nzima: nje kukiwa na baridi kali, unyevu wa asilimia 40 ndani utaganda kwenye vioo vya madirisha, maji yatachuruzika, ukungu utaota, na mwenye nyumba atakuandikia barua. Kesi ni chumba kidogo, nayo hutunzika kwa gharama ndogo.

Kupima mpindo ni kazi ya dakika chache. Weka nyuzi katika sauti zake za kawaida, bana freti ya kwanza kwa kapo, kile kibanio cha nyuzi, kisha bonyeza uzi mnene kwa kidole kwenye freti ya mwisho. Uzi sasa ndio rula yako. Tazama nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Iingize fila, ile ile ambayo mafundi magari hupimia nafasi ya plagi. Kwa besi nyingi milimita 0.3 hivi inatosha, unene wa kadi nzuri ya biashara. Ikiwa hakuna nafasi kabisa na uzi umelala juu ya freti, shingo imenyooka mno au imepinda kwa nyuma, na huo ndio ukavu unaozungumza.

Ikiwa baada ya wiki hizo za unyevu mpindo bado haufai, ndipo uguse trasi rodi. Hakikisha alenki, ule ufunguo wa pembe sita unaoigeuza, ni ya kipimo hasa: magitaa mengi ya Marekani hutumia inchi 3/16, sawa na milimita 4.76, na mengi ya Asia hutumia milimita 4. Alenki inayocheza itakula kona za nati ya trasi rodi, na nati iliyoliwa ni balaa la gharama. Kugeuza kufuata mwendo wa mishale ya saa kwa kawaida hunyoosha shingo, na kinyume chake huiachia. Geuza robo ya mzunguko, si zaidi, acha hadi kesho, pima tena. Ikikataa kugeuka, acha.

Hapa niwaseme kidogo ndugu zetu wa nyumbani, ambao nawapenda. Kila tatizo likipelekwa kwenye kundi la familia, mjomba mmoja ataandika, "Kaza hiyo skrubu mpaka iishie, mbona sisi tulikaza?" Ni kweli alikaza, lakini alikaza Temeke, ambako mbao ilikuwa imeshiba unyevu na shingo imevutwa mbele na nyuzi. Ukimtii hapa mwezi Februari, unamkaza mgonjwa ambaye tayari amepinda kwa nyuma. Binamu mwingine atakushauri uilaze shingo juani na mawe juu yake. Washukuru, waulize hali ya bibi, usiguse kitu.

Wenyeji wa huku nao wana tabia yao. Hupasha nyumba joto hadi mtu atembee na fulana huku nje pumzi ikiganda kwenye ndevu, halafu hununua mashine ya kurudisha unyevu walioupoteza, na kuiona hali hiyo ya kawaida kabisa. Katika biashara, hakuna anayekudanganya waziwazi, lakini hakuna anayekueleza usichouliza, ukishasaini, umeelewa. Kwetu fundi angekwambia, walau kwa kulalamika, "Bosi, gitaa lako limekaa wapi?" Huku swali hilo lazima ulitoe wewe: muulize fundi unyevu wa karakana yake ni asilimia ngapi, muulize iwapo atalipima tena gitaa kiangazi, na umwombe aandike jibu lake kwenye fomu juu ya saini yako. Asiyetaka kuandika, chukua gitaa lako uondoke.

Likizo ya Desemba ukilipeleka besi nyumbani, legeza nyuzi kwa toni moja kabla ya safari, na ukifika acha kesi imefungwa kwa saa kadhaa ili mbao ipate joto polepole. Vanishi yenye baridi ya ndege ikikutana ghafla na hewa ya Kipawa, kwenye uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, inaweza kupasuka. Mwambie anayekupokea asilifungue kwenye buti la gari ili kuwaonyesha majirani. Shingo itasogea kwa unyevu wa pwani, na pengine utahitaji robo ya mzunguko kabla ya ibada ya Krismasi na robo nyingine ukirudi, kwa hiyo safiri na alenki yako, lakini uiweke kwenye mzigo mkubwa, kwa maana baadhi ya maofisa wa usalama huichukua ikiwa mkononi.