Kutumia "put off" bila kubabaika

Ukimsaidia mtu kuandika barua pepe kwa Kiingereza, haichukui muda kabla ya kukutana na "put off". Fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Tazama kinachotendwa. Kikiwa kikao, safari au mtihani, maana ni kuahirisha: "They put off the exam." Akiwa mtu, mara nyingi ni kumwondolea hamu, "The smell put me off," au kumvuruga akiwa amezama katika kazi: "Stop staring, you're putting me off."

Hatua ya 2: Wakati. Wakati uliopita nao ni "put" vilevile. Penye "-ing", andika t mbili.

Hatua ya 3: Mahali pa yambwa, yaani hicho kinachotendwa. Hapa usiende mbio, maana ndipo wengi wanapokwama. Nomino ina uhuru: "put off the meeting" na "put the meeting off" zote ni sahihi. Kiwakilishi hakina uhuru huo. Ni lazima kikae katikati: "put it off". "Put off it" ni kosa, hata kama inasikika vizuri masikioni mwako. Kumbuka "nimekiahirisha": hiyo "-ki-" nayo imejibana katikati ya kitenzi. Nomino ikiwa na maelezo marefu, iache mwishoni: "put off the meeting we arranged with the new auditors". Ukiipachika katikati, msomaji atachoka kuisubiri "off". Tena kuna sentensi zenye yambwa mbili: "It put me off fish", yaani kilinifanya nisitake tena samaki. Mtu yuko katikati, kitu kinafuata "off", na hapo havibadilishani nafasi.

Kwa hatua hii napendelea Oxford Advanced Learner's Dictionary kuliko programu yoyote ya kutafsiri. Alama ya mshale wenye ncha mbili, ↔, inaonyesha kwamba nomino inaweza kukaa kabla au baada ya "off". Programu nyingi hukupa "ahirisha" tu, basi.

Hatua ya 4: Kitenzi kikifuata, kiwe na "-ing": "I put off calling him," kamwe si "put off to call".

Hatua ya 5: Usiichanganye na "call off", ambayo ni kufuta kabisa. Ukisema "put off", taja siku mpya kwa "until": "We've put it off until Monday." Katika barua rasmi, mimi huandika "postpone".