Miche haisubiri shamba: hesabu siku kabla ya kusia

Nimekuta tena kitalu chenye maua. Ni kwenye bonde moja huku kwetu Lushoto: miche ya nyanya imefika magotini, shina limekakamaa kama kijiti, na maua ya manjano yamechanua hapo hapo kitaluni. Mwenye bustani ni kijana anayeanza, na alinipokea kwa furaha akidhani maua ni dalili njema. Nikamuuliza alisia lini. Akahesabu kwa vidole: siku 53 zimepita. Na shamba? "Bado, bwana shamba. Nasubiri vibarua wamalize kwa jirani, halafu zamu yangu ya maji."

Hili ndilo kosa linalowatia hasara wengi wenu kila msimu. Si mbegu mbaya wala si dawa. Mnanunua mbegu chotara kwa bei ya juu, mnaisia siku ile ile mliyotoka nayo dukani, ndipo mnaanza kutafuta jembe. Mche hauna habari na vibarua wako. Siku zake zikifika zimefika, na kila wiki unayouzidishia kitaluni utaikatwa kwenye mavuno.

Chimbua mche wa nyanya wa wiki saba uutazame mizizi. Imesukana na ya jirani yake, na iliyo mingi imegeuka rangi ya kahawia. Ukiung'oa, unaacha mizizi mingi ardhini huku majani ni mengi ya kunyweshwa. Unanyauka, na ukipona unakaa wiki mbili au tatu bila kuongeza jani. Kwa nyanya fupi kama Cal J na Roma hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu aina hizo hazirefuki msimu mzima. Zinatoa vichala vyake kwa kipindi kifupi na kumaliza. Maua yaliyochanulia kitaluni hayarudi. Kabichi iliyopitiliza hufunga kichwa kidogo, au haifungi kabisa. Koliflawa ndiyo isiyosamehe hata kidogo: mche uliozeeka hutoa ua la ukubwa wa yai na habari yake inaishia hapo.

Basi shikeni umri wa kuhamisha, ukihesabiwa tangu siku ya kusia. Nyanya ni siku 25 hadi 30, ikiwa na majani ya kweli (yanayofuata yale mawili ya mwanzo) 4 au 5 na urefu wa sentimita 10 hadi 15. Kabichi, koliflawa na sukuma wiki ni siku 28 hadi 35. Biringanya ni wiki 5 hadi 6. Pilipili hoho ni wiki 6 hadi 8. Kitunguu nacho ni wiki 6 hadi 8, shina likikaribia unene wa penseli. Mlio juu milimani, ambako asubuhi ni baridi, chukueni ile tarakimu kubwa. Wa mabonde ya chini yenye joto chukueni ile ndogo. Karoti sizitaji kwa sababu hazihamishwi. Kila msimu napata mtu aliyezihamisha, akavuna mizizi yenye miguu mitatu.

Sasa hesabu. Anzeni na siku ya kupanda shambani, kisha mrudi nyuma. Tuseme unataka kabichi iingie shambani Machi 20, na uko sehemu ya baridi. Ondoa siku 35: unasia Februari 13. Samadi iliyooza iwe imechanganywa na udongo wiki mbili kabla ya kupanda, yaani Machi 6. Kukomaza miche, yaani kuizoeza jua na maji machache, kunaanza Machi 10. Kwa hiyo jembe la kwanza lipite kabla ya Februari 13, si baada yake. Kanuni ninayowapa wote wanaoanza ni hii: usikate pakiti ya mbegu mpaka shamba limelimwa mara moja na zamu yako ya maji unaijua kwa siku na saa. Andika tarehe ya kusia kwenye kibao, ukichomeke kitaluni. "Kama mwezi hivi" si tarehe.

Idadi nayo ihesabiwe. Kabichi kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 60 inahitaji miche 2,800 hivi kwa robo eka. Ongeza sehemu moja ya kumi ya kujazia mapengo, basi. Anayeanza na kipande cha nyuma ya nyumba asimwage pakiti nzima kwa siku moja. Sia nusu leo, nusu nyingine baada ya siku 10. Shamba likichelewa, fungu la pili litakuwa bado na umri sahihi.

Kwenye kusia kwenyewe nitasema mawili tu. Mistari iachane sentimita 10 hadi 15, na mbegu iende chini sentimita 1, isizidi. Miche ikishaota, punguza ibaki sentimita 2 hadi 3 kati ya mmoja na mwingine. Kung'oa kunawauma, najua, lakini miche iliyobanana inarefuka kama uzi ikitafuta mwanga na kukaribisha kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina la mche usawa wa udongo.

Siku 10 za mwisho ni za kukomaza, na hapa napo mnapakosea. Punguza kivuli kidogo kidogo, ili siku 3 za mwisho miche ishinde juani. Punguza maji: mwagilia pale tu unapoona majani yameanza kulegea mchana. Lakini msichanganye kukomaza na kuhifadhi. Wapo wanaonyima miche maji wiki tatu ili "isikue mpaka shamba liwe tayari". Huko ni kuidumaza, na mche uliodumaa haurudi ulivyokuwa. Wapo pia wanaomwaga urea kitaluni ili kuiamsha. Acheni kabisa! Inatoka laini na mirefu, na jua la siku moja linailaza.

Siku ya kuhamisha, loweka kitalu asubuhi. Anza kung'oa saa 10 jioni, si saa 4 asubuhi kwa kuwa vibarua wamewahi. Tumia chepe, mche utoke na udongo wake, ukae kwenye gunia bichi kivulini. Ng'oa ile tu utakayoimaliza jioni hiyo. Shimo liwe na viganja viwili vya samadi iliyooza na kijiko kimoja cha chai cha DAP, vikichanganywa na udongo ili mbolea ya dukani isiguse mizizi. Nyanya izikwe hadi karibu na majani ya kwanza, maana shina lake huota mizizi. Kabichi isizikwe kiini. Bana udongo kwa vidole, mwagilia nusu lita kwa kila mche, weka matandazo bila kugusa shina. Ukiona jani jipya ndani ya siku 7, mche umeshika.

Na aliyekwisha kuchelewa? Nyanya zikiwa hazijafika wiki 6, kata maua yote, chimba mfereji mfupi wa kina cha sentimita 10, laza shina humo na uache ncha yenye majani machache juu. Utavuna, ingawa kwa kuchelewa. Pilipili na kitunguu huvumilia wiki moja ya ziada. Kabichi na koliflawa zilizopitiliza mng'oe, mlishe mbuzi, msie upya. Yule kijana sikuwa na namna ya kumwokoa; nilimwambia ang'oe, na tukapanga pamoja tarehe za kitalu kipya, tukianza na jembe.

Mapengo yajazwe ndani ya siku 7 tangu kupanda, kwa miche ya kitalu kile kile. Asubuhi za siku hizo pitia mistari: mche uliokatwa usawa wa ardhi ni kazi ya sota, kiwavi anayejificha udongoni. Fukua udongo pembeni yake, utamkuta amejikunja. Muue kwanza, ndipo upande mwingine mahali pale.