Kabla Hatujainama Kumtazama Nyigu wa Manyoya

Jumamosi nawachukua wanafunzi kwenye kichanga cha nyuma ya Makunduchi, tukatazame wadudu wanaochimba ardhini. Wazazi wameniuliza watoto waje na nini. Kwanza viatu vya kufunika mguu mzima. Kandambili zibaki nyumbani.

Sababu ni mdudu ambaye kila mtoto atamwita chungu: hana mbawa, ana manyoya kama mahameli, anakwenda mbio bila kutulia. Huyo ni nyigu wa manyoya, jike, naye hudunga. Dume ana mbawa na hadungi. Jike huzengea mashimo ya nyuki na nyigu wengine, akaingia, akataga yai juu ya mtoto wa mwenye shimo. Buu lake likianguliwa humla huyo mwenyeji. Ukoo wao una spishi zaidi ya 4,000, na huenda tukamkuta mmoja.

Darasani nimewaonesha picha ya Dasymutilla gloriosa, nyigu wa manyoya wa majangwa ya Marekani na Meksiko. Ni mweupe pe, manyoya marefu, ungedhani kipande cha usufi kinachopeperushwa na upepo. Kwa muda mrefu alidhaniwa anajificha kwa kufanana na mbegu za kichaka cha huko. Mwaka 2020 watafiti walieleza kuwa weupe ule humsaidia kuhimili joto. Basi na sisi tuvae nguo nyeupe na kofia, kila mtoto na chupa yake ya maji. Tutoke saa 1 asubuhi, saa 4 tuwe tumeshamaliza.

Mtu asimshike nyigu huyu kwa vidole, hata akionekana amekufa. Gamba lake ni gumu, na mwiba wake ni mrefu, anaupinda upande wowote. Leteni kopo angavu lenye kifuniko na kipande cha kadi ngumu. Akishafunikwa, wekeni sikio karibu: mtasikia mlio mwembamba, anasugua pingili za tumbo. Mimi huo mlio ndio ninaoutamani kuliko yote. Kisha tumwachie palepale.

Mzazi ambaye mwanawe huvimba akidungwa na nyuki aniandikie kabla ya Ijumaa, tafadhali sana. Maumivu ya nyigu huyu ni makali, lakini haachi mwiba mwilini, kwa hiyo hakuna cha kung'oa: sabuni, maji, barafu ndani ya kitambaa. Uso ukivimba au pumzi ikibana, ni hospitali wakati huohuo. Ndiyo maana gari halitaturudia baadaye. Litakaa nasi pale mpaka mtoto wa mwisho apande.