Kidonge Kimoja, Dawa Mbili: Kutumia kwa Usalama Metformini Iliyochanganywa na Glibenklamidi au Glimepiraidi

Mwenye kisukari aina ya pili ambaye metformini peke yake haimtoshi huongezewa dawa ya pili, na mara nyingi dawa hizo mbili humfikia zikiwa ndani ya kidonge kimoja. Ni nafuu kweli: vidonge vya kumeza vinapungua, na kusahau kunapungua. Ila usisahau kwamba umemeza dawa mbili zenye tabia tofauti kabisa, na ukiacha kidonge au kukiongeza umeziacha au umeziongeza zote mbili.

Soma boksi kwanza

Jina kubwa la rangi ni la kampuni. Unalolihitaji ni maandishi madogo chini yake: Metformin Hydrochloride, pamoja na Glibenclamide au Glimepiride. Kisha tazama namba. Kidonge cha 5/500 kina miligramu 5 za glibenklamidi na 500 za metformini. Cha 2/500 chenye glimepiraidi kina miligramu 2 za glimepiraidi na 500 za metformini. Kampuni nyingine hugeuza mpangilio ikawa 500/5. Namba kubwa ni ya metformini siku zote. Na namba ndogo usiidharau, maana miligramu 5 hizo ndizo zinazoweza kukuangusha sokoni saa tano asubuhi.

Kosa la kuogopwa hapa ni dawa kujirudia. Mtu ana metformini ya zamani nyumbani, anaandikiwa ya mchanganyiko, anaendelea na zote. Au famasi imeishiwa boksi alilolizoea, anapewa la kampuni nyingine lenye rangi nyingine, naye anadhani ameongezewa dawa mpya. Hebu piga hesabu: 5/500 asubuhi na jioni ni miligramu 1,000 za metformini kwa siku. Ukiendelea na ile ya zamani ya 500 mara tatu, umefika 2,500, wakati kwa wagonjwa wengi kikomo ni 2,000. Siku unapopewa kidonge cha mchanganyiko, peleka famasi au kliniki dawa zako zote, hata zile zilizobaki kwenye bahasha za khaki zisizo na jina, uulize: "Ipi naendelea nayo, ipi naacha?" Jibu liandikwe kwenye kadi yako.

Kila dawa inafanya nini

Metformini hulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu, na huufanya mwili uitikie vizuri insulini yake, homoni inayoishusha sukari. Ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Adha yake ni tumbo: kichefuchefu, kuhara, gesi, ladha ya chuma mdomoni. Glibenklamidi na glimepiraidi hulikamua kongosho litoe insulini, nazo hazijui kama umekula au hujala. Ukimeza kisha ukakosa chakula, insulini inatoka vilevile.

Ndiyo maana kidonge hiki humezwa na chakula. Chakula kiwe mezani kabisa, kisha meza kidonge na tonge la kwanza au muda mfupi kabla yake. Usimeze alfajiri ukitegemea kunywa chai ukifika kazini. Foleni ya daladala au matatu ikikuchelewesha, dawa haikusubiri. Na chai ya rangi tupu haihesabiki kuwa chakula. Panahitajika wanga: uji, mkate, chapati, viazi, muhogo.

Vidonge vilivyoandikwa SR, XR, ER au PR huachia metformini polepole, na vingi vyenye glimepiraidi viko hivyo. Hivyo usivitafune wala kuvisaga, maana ukivisaga dawa ya kutwa nzima inaachiliwa kwa mara moja. Kuvikata pia hapana, isipokuwa karatasi ya maelezo inaruhusu. Ukiona chooni kitu laini chenye umbo la kidonge, usishtuke: ni ganda tupu, dawa imeshaingia mwilini.

Kuhara kwa mwanzoni mara nyingi hutulia ndani ya wiki chache. Kusipotulia, omba kubadilishiwa kwenda kwenye metformini ya kuachia polepole. Hakuna haja ya kuteseka wala kuacha dawa kimyakimya.

Sukari ikishuka

Hili ndilo la kujifunza wewe na kila unayeishi naye, kabla halijatokea. Kushuka ni sukari ya damu kuwa chini ya 3.9 kwa kipimo cha mmol/L. Mashine ya kupimia sukari iliyotumwa kutoka Marekani husoma kwa kipimo kingine, mg/dL. Gawanya kwa 18 upate mmol/L, kwa hiyo 70 ya mashine hiyo ni kama 3.9.

Dalili huja haraka: jasho la baridi, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali ya ghafla, ukungu machoni, hasira isiyo na sababu, maneno kuvurugika. Usiku huonekana kwa jinamizi na shuka lililolowa jasho. Kwa mzee dalili zinaweza kuwa kimya: anaduwaa, anajibu vitu visivyoulizwa, na watu wa nyumbani wanasema ni malaria au ni uzee. Mzee anayetumia dawa hizi akibadilika ghafla, pima sukari kwanza. Kama hamna mashine, mpe sukari kama ana fahamu na anaweza kumeza.

Chukua vijiko vinne vya chai vya sukari, koroga kwenye nusu kikombe cha maji, anywe yote. Hiyo ni takriban gramu 15. Nusu ya chupa ya soda ya mililita 300 inafanya kazi hiyohiyo, ila iwe soda ya kawaida. Ile isiyo na sukari haisaidii kitu. Chokoleti na maziwa usianze navyo, mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Subiri dakika 15, pima tena. Bado iko chini ya 3.9? Rudia kipimo kilekile. Ikipanda, ale chakula cha wanga, kama vipande viwili vya mkate au ndizi na uji, kwa sababu sukari ya kunywa huisha haraka.

Wengi huishia hapo, wakaona yamekwisha. Hayajaisha. Glibenklamidi inaweza kuendelea kufanya kazi kwa saa 24 au zaidi, hasa figo zikiwa dhaifu, kwa hiyo sukari inaweza kupanda saa nne asubuhi ikaanguka tena saa tisa alasiri. Endelea kupima kutwa nzima, usilale peke yako usiku huo, na piga simu kliniki kabla ya dozi inayofuata. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, mpeleke hospitali. Na hata akizinduka njiani, afike hospitali na akae chini ya uangalizi.

Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani imetoa angalizo kwamba glibenklamidi haifai kwa waliovuka miaka 60. Kama mzazi wako wa miaka 70 bado yuko kwenye 5/500, hilo ni jambo la kwenda kumuuliza daktari wiki hii. Zipo mbadala, gliklazidi ikiwa mojawapo.

Siku ya kuumwa

Ukitapika, ukiharisha sana, au homa ikikuzuia kula na kunywa, simamisha kidonge na uwasiliane na kliniki siku hiyohiyo. Sababu ni mbili, kila dawa na yake. Mwili ukikaukiwa maji figo hulegea, metformini hurundikana, na asidi ya laktiki inaweza kujaa kwenye damu. Kwa upande wa pili, glibenklamidi au glimepiraidi bila chakula huangusha sukari. Kunywa maji kidogokidogo na pima kila baada ya saa nne hivi, kwa sababu maambukizi yanaweza pia kuipandisha. Ikikaa juu ya 15, nenda hospitali. Dawa hurudishwa ukishakula na kunywa kawaida kwa saa 24 hadi 48. Kupumua haraka na kwa kina, maumivu ya misuli, usingizi mzito na udhaifu usio wa kawaida ni dalili za asidi. Hapo usingoje kesho.

Ukipangiwa operesheni, au picha ya CT inayotumia dawa ya kuchomwa mshipani, sema mapema kwamba unatumia metformini.

Dawa nyingine, pombe na miti shamba

Septrin, siprofloksasini na flukonazoli zinaweza kuongeza nguvu ya glibenklamidi na glimepiraidi na kushusha sukari. Kwinini huishusha yenyewe. Prednisoloni na deksamethasoni huipandisha. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya nusu ile inayokamua kongosho. Propranolo na atenolo huficha mapigo ya moyo yanayokuonya, ila jasho hubaki, kwa hiyo lichukue jasho kuwa kengele yako.

Anayetumia ARV zenye dolutegraviri, ambayo imo kwenye kidonge cha TLD, alizingatie hili kwa makini: dolutegraviri huongeza metformini kwenye damu, na kwa kawaida metformini isizidi miligramu 1,000 kwa siku. Kliniki ya kisukari na kliniki ya ARV mara nyingi ni milango tofauti, kwa hiyo kadi zote mbili ziende kila mlango.

Pombe hugusa pande zote mbili, asidi na kushuka kwa sukari, na ulevi ukichanganyika na sukari iliyoshuka watu hukuacha ulale wakidhani umelewa tu. Mwarobaini, mlonge na karela nazo zinaweza kushusha sukari. Ukizitumia, mwambie daktari, hakuna aibu.

Mfungo wa Ramadhani

Nenda kliniki wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama. Kwa anayemeza mara mbili kwa siku, kawaida dozi kubwa huhamia kwenye futari na ya daku hupunguzwa, kwa sababu inayomezwa na daku ndiyo itakayokukamua mchana kutwa bila chakula. Usijipangie mwenyewe. Daku ichelewe, iwe na wanga usioisha haraka. Pima mchana, wanazuoni wengi wanasema tone la damu la kidoleni halibatilishi funga. Sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, fungua.

Ukisahau, na vipimo vya kuuliza

Ukisahau dozi, iache mpaka mlo unaofuata wenye dozi yake. Usimeze mbili kufidia. Usipokula mlo, usimeze dozi ya mlo huo. Vidonge vikae kwenye pakiti yake, penye ubaridi chini ya nyuzi 30, mbali na jiko na dashibodi ya gari.

Figo zipimwe kabla ya kuanza, kisha angalau mara moja kwa mwaka. Zikiwa dhaifu iwe mara nyingi zaidi. Uliza namba ya eGFR, inayoonyesha figo zinachuja damu kwa kiasi gani: chini ya 45 dozi ya metformini huangaliwa upya, chini ya 30 husimamishwa. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi iliyopita, pimwa kila miezi mitatu mpaka sukari itulie, halafu kila miezi sita; lengo la wengi ni chini ya asilimia 7, kwa mzee dhaifu daktari anaweza kulegeza hadi 8. Ukishatumia metformini miaka kadhaa na ganzi ikaanza miguuni, usikubali haraka kwamba ni kisukari tu. Omba upimwe vitamini B12, kwa sababu metformini huipunguza, na upungufu huo unatibika.